Nyumba Isiyolaliwa

Ochoki Nyakundi aliogopa alasiri. Asubuhi za Ikonge hazikuwa na neno naye: vilima vilivyooshwa, chai iliyotandazwa mteremkoni, wachumaji wakitaniana mstari hadi mstari. Lakini saa nane ikishapita, mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, alianza kuvuta miguu kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Na hakuwa mtoto. Alikuwa amevuka arobaini, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, na tangu Desemba alikuwa na shahada ya uzamivu. Uzamivu wenyewe aliufanyia radi.

Waliokua naye hawakumcheka kwa hilo. Alipokuwa darasa la sita, radi ilishuka shuleni kwao wakati wa somo la mwisho, ikamchukua Nyangau aliyekaa naye dawati moja. Nyangau alikaa upande wa ukuta, Ochoki upande wa ndani. Kwa nini mmoja alichukuliwa, na mwenzake, aliyemgusa kiwiko, akaachwa? Swali hilo alilala nalo akaamka nalo. Likamtoa kijijini, likampitisha shule ya upili, chuo kikuu, shahada ya pili, na mwishowe hii ya tatu iliyomla miaka yake mizuri kama mchwa anavyokula fremu ya mlango, polepole, kutoka ndani. Jibu alilipata. Lilikuwa refu, lilijaa michoro, na halikumrudisha Nyangau.

Katika miaka hiyo yote, mtu akimuuliza anafanya nini, alisema, "Bado nasoma." Lilikuwa jibu zuri, lenye heshima, na alijificha chini yake kama mtu anavyojificha chini ya mwavuli. Kwa nini hujajenga kwenu? Bado nasoma. Kwa nini mke wako yuko Keumbu anafundisha nawe uko Nairobi? Bado nasoma. Kisha watahini wakampa mkono, msimamizi wake akampigapiga begani, na mwavuli ukafungwa. Alitoka katika chumba kile akasimama koridoni na makaratasi yake kwapani, akashangaa kuona kwamba kitu alichokihisi si furaha. Kilikuwa kile kile cha alasiri.

Mwezi wa pili walimfanyia shukrani nyumbani. Ilikuwa Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato yao, na Sabato haipikiwi pilau, na turubai lilifungwa uani kwa baba yake, chini ya shamba la chai. Mzee wa kanisa, Ombati, mtu ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti lakini alikipenda hata hivyo, alimwita mbele.

"Radi zote za Nyamira zisikie!" Ombati alisema. "Zimepata mwenyewe! Tukiona wingu baya sasa hatumsumbui Mungu peke yake. Tunampigia daktari simu."

Watu walicheka, akina mama wakapiga vigelegele. Ochoki naye alicheka.

"Na sasa, mwanetu," Ombati akaendelea, akimsogezea kipaza sauti mdomoni, "mbele ni wapi?"

"Tutaona vile Mungu ataongoza," alisema. Watu wakaitikia amina, na jibu likapita kama mbuzi anavyopita katikati ya harusi. Baba yake peke yake ndiye aliyemtazama kidogo zaidi ya wengine.

Mzee Nyakundi hakuwa msemaji. Aliinuka kwa fimbo yake, akakataa kipaza sauti kwa mkono, akasema, "Mwenye macho aangalie juu."

Wote waligeuka. Juu ya chai, ukingoni mwa kilima, zilisimama kuta za matofali chini ya mabati mapya yaliyomeremeta. Ochoki alikuwa ameziona asubuhi alipofika, akadhani jirani amenunua kipande.

"Ni ya Ochoki," mzee alisema, akaketi.

Baadaye mama yake, Nyakerario, ndiye aliyemsimulia. Siku ile alipopiga simu kusema wamempitisha, baba yake alimrudishia Nyakerario simu akatoka nje. Kesho yake alfajiri mzee alimwita fundi, wakapanda kilimani kupima msingi. Bonasi ya chai ikaishia huko. Akakataza mtu yeyote kumwambia mwenye nyumba.

Ochoki alishukuru, na machozi yakamlengalenga kweli. Lakini ndani ya mfuko wa koti, simu yake ilikuwa na barua pepe iliyofika siku chache kabla ya hapo. Chuo kimoja huko Ufini kilimtaka ajiunge na watu wanaopima radi kwa mitambo. Miaka miwili. Wangengoja jibu hadi Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, na baada ya hapo wangemwita mwingine. Nyumbani aliyejua ni mkewe tu, Jacinta.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza shida iko wapi: nyumba imejengwa, safari imekuja, mtu asafiri na nyumba imngoje. Lakini huko nyumba ya mwana haijengwi kwa ajili ya mvua tu. Mwanamume asiye na nyumba kwao ni mtu ambaye hata kifo hakijui kimpitishie mlango gani. Ochoki mwenyewe aliwahi kushika nguzo siku walipomjengea binamu yake kibanda cha haraka cha mabati, jeneza likiwa njiani kutoka Mombasa, ili marehemu apate mahali pa kutokea. Nyumba ya baba yake juu ya kilima ilikuwa inasema neno, na neno lenyewe lilikuwa: umerudi. Angemjibuje mzee, asante, sasa naondoka? Na akibaki, abakie nini? Alikuwa na vipindi vichache vya kufundisha katika chuo kimoja, mkataba unaofanywa upya kila muhula au usifanywe. Hata anayefanyiwa upya hajulishwi mapema.

Kulikuwa na jambo lingine tena. Kwa Abagusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, inayomweka mzazi na mwana kila mmoja upande wake wa kizingiti. Mzee Nyakundi aliishika kama alivyoshika Sabato. Alipopelekwa Nairobi kutibiwa macho, alikataa katakata kupanda ngazi hadi kwa Ochoki. Alilala kwa mpwa wake Kawangware, na mzee alipokuja kumuaga Ochoki kabla ya kurudi Ikonge, walikaa chini ya jengo alimopanga Ochoki, kwenye viti vya plastiki, katikati ya magari yaliyoegeshwa. Jacinta, aliyekuwa huko likizo ya shule, aliteremsha chai. Majirani walidhani ni walinzi wapya.

Basi katika maisha yake yote ya utu uzima, Ochoki hakuwahi kukaa na baba yake chini ya paa lililo lake.

*

Juma la jibu lilipofika, alikwenda nyumbani. Alijiambia anakwenda kufikiri. Jumanne alipanda kilimani akamkuta fundi Bosire akipaka chokaa ukutani. Bosire na yeye walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na daktari kati yao.

"Karibu kwako, wewe wa ngurumo," Bosire alisema. "Shika ndoo hiyo. Shahada haimwagiki."

Ochoki alishika ndoo. Alizunguka na fundi chumba hadi chumba. Sebule ilikuwa kubwa, yenye dirisha pana lililotazama chini, chai yote hadi mtoni. Chokaa ilikuwa bado inanukia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa palipotakiwa kuwa na mlango: pale palikuwa na shimo refu lenye fremu, na upepo ukiingia na kutoka utakavyo.

"Mlango?"

"Mlango uko, umelala kwa mzee tangu mwezi uliopita. Kitasa ndicho hakuna. Amesema kitasa anunue mwenye nyumba."

"Nitanunua."

"Nunua. Lakini usikimbie." Bosire alitazama nje kama mtu anayehakikisha, kisha akashusha sauti. "Sikuambii kitu. Lakini kila nikisema naweka mlango, mzee anasema plasta haijakauka. Mwenzangu, plasta hii imekauka hadi inapasuka. Nikamwambia, mzee, hata chungu cha babu yako hakijakauka hivi. Akaniambia mimi ni fundi wa siku hizi, sijui kungoja."

"Kwa nini?"

"Mimi napaka chokaa. Wewe ndiye daktari."

Jumatano alikwenda Kisii mjini. Duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Subhash lilikuwa pale lilipokuwa tangu Ochoki ni mwanafunzi, na Subhash mwenyewe kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso. Alimsalimu kwa Ekegusii safi kuliko ya watoto wa Ochoki.

"Nyakundi wa Ikonge amejenga," Subhash alisema, wakihamia Kiswahili. "Nimempa mabati mimi. Alikuwa anagonga kila bati hivi, anasikiliza, kama anachagua nazi. Nikamwambia, mzee, unatafuta wimbo? Akasema, mwanangu anajua mambo ya juu, asikute bati baya."

Ochoki hakujua atazame wapi. Aliomba kitasa.

Subhash aliteremsha kisanduku, akakifungua. "Hiki hakiwezi kukuaibisha. Kinakuja na funguo tatu. Moja yako, moja mama watoto." Aliinua wa tatu, ukaning'inia kidoleni. "Hii ni ya nani? Usiseme mzee. Hiyo desturi yenu naijua."

"Ni ya akiba."

"Ya akiba hupotea." Subhash aliurudisha kisandukuni. "Mimi kijana wangu Urvish alisoma mpaka vitabu vikaogopa. Yuko Kanada. Kila asubuhi anapiga simu: Baba, umefungua duka? Nimefungua miaka yote hii, nisingefungua leo? Lakini akikosa kupiga, hata chai siioni tamu."

"Anajuta kwenda?"

"Sijui. Siwezi kumuuliza." Alishusha miwani machoni. "Na angebaki hapa akajuta, pia singemuuliza. Kuna kitu kingine?"

Ochoki alisita. Kisha akaomba waya wa shaba, ule mnene, na kipande kirefu cha chuma cha kusimika ardhini. Hakuwa amepanga. Alijikuta tu akionyesha unene kwa kidole.

"Unafunga stima?"

"Hapana. Nafunga wingu."

Subhash alicheka hadi binti yake Megha akatoka stoo kuuliza kuna nini.

Alipitia Keumbu jioni kumwona Jacinta, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani, watoto wakioga nyuma. Kitasa alikiweka kati yao kama mtu anayeweka kesi.

"Umeamua?" Jacinta aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja tuzungumze."

"Baba Moraa, nisikilize. Ukitaka ruhusa, usiniulize, maana nikikupa utaninunia huko kwenye theluji, na nikikunyima utaninunia hapa. Ukitaka maoni, nitakupa."

"Nipe maoni."

"Ulipokuwa unaandika ile tasnifu, ulikuwa unatuambia ukimaliza utakuwa mtu. Mimi nilikuwa na mtu muda wote. Sasa umemaliza, na kila ukija hapa unaangalia dirishani. Nenda uangalie vizuri, au kaa uache kuangalia. Hilo la katikati ndilo linalonichosha." Aliweka alama nyekundu, akafunga daftari. "Na umwambie baba yako kabla hajaambiwa."

Msimamizi wake alimwambia uamuzi ni wako. Rafiki zake walisema uamuzi ni wako. Kila mtu alimrudishia uamuzi wake kama sahani iliyooshwa, safi, tupu.

*

Alhamisi alikusudia kusema. Asubuhi mzee alikuwa akichuma chai, haiwezekani kumsimamisha mtu na jambo zito kapu likiwa mgongoni. Mchana mzee alikuwa kituo cha kununulia majani. Ilipofika saa tisa, mbingu ya upande wa ziwa ilikuwa imeshakuwa rangi ya jivu la kuni mbichi, na Ochoki alikuwa uani akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tata yuko wapi?" alimuuliza mama yake, akimtafuta baba.

Nyakerario alikuwa akichambua mboga za chinsaga kwenye ungo. "Ameenda kule juu."

"Saa hii? Na wingu hili?"

"Huenda kila siku saa hii. Hukujua?" Alitupa bua pembeni. "Huchukua kigoda chake. Nilifikiri ninyi wanaume mnaambiana vitu."

Ochoki alipanda kilima mbio. Umeme wa kwanza ulipiga mbali, upande wa Nyamira mjini, na masikio yake yakaanza lile zoea lake la kusubiri sauti ifuate. Ilifuata upesi kuliko alivyotaka. Nyumba ilikuwa pale ukingoni, peke yake, mabati yake yakimeremeta kama inajitangaza. Hakuna mti ulioizidi. Hakuna waya wa kuishusha radi ardhini. Yeye, aliyeandika sura nzima juu ya nyumba zilizowekwa mahali kama hapo, alikuwa amezunguka humo Jumanne na ndoo ya chokaa bila kutamka neno.

Alifika kwenye fremu isiyo na mlango akasimama.

Baba yake alikuwa amekaa sebuleni kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, mikono juu ya fimbo, akitazama nje kupitia lile dirisha pana. Hakuwa akifanya kitu. Alikuwa amekaa tu, kama mtu anavyokaa kwake.

"Ingia," mzee alisema bila kugeuka. "Ni kwako." Kisha akatabasamu kidogo. "Hujalala bado. Kwa hiyo ni kwangu pia."

Mvua ilishuka kwa mara moja juu ya mabati, kelele ikajaa nyumba nzima.

"Tata, toka ukutani," Ochoki alisema.

"Nini?"

"Ukuta! Njoo hapa katikati!"

Hakuwahi kumwamuru baba yake. Sauti yake ilitoka kali, ya mtoto na ya mtu mzima kwa pamoja. Mzee alimtazama, akainuka, akaburuta kigoda hadi katikati ya sebule. Ochoki alichuchumaa kando yake. Wakakaa hivyo, magoti karibu kugusana, huku maji yakirushwa ndani kupitia pasipo na mlango.

"Nyangau alikaa ukutani," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Nilikubeba mgongoni siku ile kutoka shuleni, nawe ulikuwa umeshapita umri wa kubebwa. Hukusema neno hadi nyumbani. Nilifikiri imekuchukua ulimi." Alisikiliza mabati. "Nilipoambiwa umemaliza kusoma, nikasema basi, kile kilichomshika kimemwachilia. Lakini siku ya shukrani Ombati alipokuuliza mbele ni wapi, nikaona hakijakuachilia."

Umeme uliangaza chumba, rangi ya kuta ikawa samawati. Sauti haikungoja. Chini ya shamba mkaratusi mmoja ulipasuka kwa mlio kama wa shoka la Mungu, na Ochoki akajikuta ameshika mkono wa baba yake. Mkono ule ulikuwa mgumu, wenye rangi ya majani chai vidoleni ambayo sabuni haijawahi kuitoa. Naye mzee hakuuondoa.

"Mama yako ameniambia kuna barua," mzee alisema, kelele ilipopungua.

Ochoki alijua mara moja njia iliyopitiwa. Jacinta asingeweza kumwambia mkwe wake jambo kama hilo ana kwa ana. Alimpigia mama, na mama akasema chakula kikiwa mezani. "Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Uliogopa."

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Nyumba."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani. "Huko kwao radi ni nyingi kuliko hapa?"

"Hapana. Ni chache sana."

"Sasa wanapima nini?"

"Wana mitambo."

"Kwa hiyo sisi tuna radi, wao wana mitambo."

"Ndiyo hivyo, tata."

"Mungu naye," mzee alitikisa kichwa, "wakati mwingine hugawa kama mama wa kambo."

Ochoki alitaka kuuliza lile swali lililomleta, na alipouliza lilitoka kama la mwanafunzi: "Niende?"

"Usiniulize. Mimi kazi yangu ilikuwa kujenga." Mzee alielekeza fimbo dirishani. "Angalia. Kutoka hapa unaiona chai yote hadi mtoni. Kwangu kule chini siioni, naona mgongo wa zizi tu. Maisha yangu yote nimechuma chai hiyo na sijawahi kuiona yote. Nikasema, acha Bosire angoje kidogo na mlango wake. Maana ukilala humu usiku mmoja, umewasha moto na mkeo, basi. Nitaiangalia nyumba hii kwa nje kama ninavyokuangalia wewe. Si vibaya. Ndivyo ilivyo. Lakini nilikuwa nataka kushiba kwanza."

Ochoki aliifuata fimbo kwa macho hadi mtoni. Tangu mwezi wa pili alikuwa akiibeba nyumba ile kama mzigo aliotwikwa ili asiondoke. Hakuwahi kufikiri kwamba akibaki, mtu wa kwanza kufungiwa nje angekuwa aliyeijenga.

*

Ijumaa asubuhi alipandisha waya wa shaba kilimani. Bosire alipanda paani huku akilalamika.

"Kwa hiyo hii ndiyo PhD? Kufunga waya kwenye bati? Mimi ningekufungia kabla hujaenda shule ya upili."

"Ungeufunga hadi wapi?"

"Hadi hapa kwenye ukuta, nikaupinda vizuri, nikaukata."

"Na hapo ungemuua mtu. Shuka nao hadi chini, uingie ardhini, mbali na mlango. Upate mahali pa kwenda."

Bosire alitazama chini kutoka paani. "Kumbe nayo inataka tu pa kwenda."

"Inataka tu pa kwenda," Ochoki alisema, akagusa simu mfukoni.

Kabla ya adhuhuri alipanda hadi pale juu ya kilima ambapo simu hushika, akaandika kwamba amekubali, na kwamba anaomba kuanza mvua za masika zikiisha, maana ana paa moja la kutazama kwanza. Kidole kilikaa juu ya skrini. Alifikiri kuhusu watoto wake wakikua kwenye simu kama Urvish wa Subhash, kuhusu kufika mahali ambapo hakuna anayemwita kwa jina la baba yake, kuhusu kuwa mzee wa darasa tena akiwa na mvi. Alifikiri kwamba huenda anakwenda kwa sababu hajui kukaa. Hakupata hoja ya kuiondoa fikra hiyo. Alibonyeza nayo ikiwa pale pale.

Jacinta alifika alasiri na watoto, blanketi mpya zimefungwa kwa kamba, sufuria, na kuni kavu; aliambiwa mlango unawekwa. Ombati naye alikuwapo, tayari kuombea nyumba. Bosire alipiga bawaba kwa haraka. "Jua likizama mimi sigusi nyundo," alisema. "Sabato si shemeji yangu, haitaniwi." Mlango ukasimama, mzito, wa mninga, kitasa cha Subhash kikalia mara moja kikafunga.

"Haya, baba Moraa," Ombati alisema, "washeni moto. Mlale."

"Hatutalala," Ochoki alisema.

Jacinta alimtazama, blanketi kifuani. Alimtazama sana, kisha akamtazama mkwe wake aliyesimama nje, mbali kidogo, mahali panapomstahili baba. Ochoki aliona jinsi alivyoelewa: mabega yake yalishuka kidogo, akaweka blanketi chini polepole.

"Nimewajibu wale watu," Ochoki alimwambia. "Ndiyo."

"Nimesikia," Jacinta alisema. Macho yake yaling'aa, naye akainama kufungua kamba ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

"Daktari," Ombati alisema, sasa kwa sauti ya chini asiyoizoea, "mtu haendi ng'ambo akaacha nyumba isiyolaliwa. Ikitokea..." Hakumalizia. Hakuna aliyehitaji amalizie. Kila mmoja pale alishawahi kushika nguzo za kibanda cha haraka. Hata Ochoki, pamoja na vitabu vyake vyote, hakuwa na mchoro wa kulijibu hilo.

"Nitarudi nilale," alisema.

Alimpa Jacinta ufunguo mmoja. Mmoja akautia mfukoni. Wa tatu alitembea nao hadi kwa baba yake akamwekea kiganjani.

Mzee aliugeuza, akaupeleka karibu na macho yake mabovu. Akatembea hadi mlangoni, akauingiza, akauzungusha mara ya kwanza bila mafanikio. "Kigumu," alinung'unika.

"Kitalainika, tata."

Kilifunguka. Mzee Nyakundi alisimama kizingitini, kigoda chini ya kwapa, mbele yake sebule tupu na dirisha lililojaa chai, nyuma yake mawingu ya upande wa ziwa yakianza tena kazi yao.

"Miaka miwili nikikaa humu nitazoea," alisema, bila kugeuka. "Ukirudi, utanitoaje?"